Mfalme kwenye Ukuta wa Meja Tahiru

Ukiuliza watu wa Koboko habari za mjomba wangu Lokule, watakuambia alikuwa fundi wa mabango, mtu mpole, hakuwahi kugombana na mtu. Upole! Neno hilo linanichefua. Mimi ni Norah, mtoto wa dada yake. Nimefundisha shule ya msingi huko Aroi miaka mingi, nimeona watoto wapole wa kila namna, na ninajua kwamba wengine ni wapole kwa sababu wameficha kitu chini ya dawati.

Mkono wake ulikuwa na kipaji, hilo sibishi. Hakupita darasa la nne, lakini akichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha unaanza kusikia njaa. Saluni, maduka ya dawa, madigadi ya baiskeli za bodaboda, misalaba ya makaburini: nusu ya maandishi ya Koboko ya miaka ile yalikuwa yake. Jeshini, kabla ya vita, walimpa kazi hiyo hiyo, kupiga namba kwenye magari na kuandika majina ya wakubwa kwenye milango ya ofisi. Alikuwa kikosi kimoja na kaka yangu Laku. Mama yetu, Margarita, alishukuru Mungu kwa hilo: mtoto yuko na mjomba wake, ataangaliwa.

Mwezi wa tano wa mwaka 1979, jeshi la Tanzania na wenzao walikuwa wamefika mto Nile, na jeshi letu lilikuwa linarudi nyumbani mbio. Laku alifika kwetu Jumamosi kutusalimia. Jumatatu asubuhi, akiwa mlangoni anaondoka, kamba ya buti lake la kushoto ikakatika. Mama akachana pindo la kitenge alichokuwa amevaa, kitenge cha bluu chenye ndege weupe, akapiga magoti akamfunga buti yeye mwenyewe. Laku alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliona aibu, akacheka, akaniambia nisiwahadithie watu. Sikumwona tena.

Wiki haikuisha, Koboko nzima ilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Sisi tulivukia Kongo. Huko kambini Meja Tahiru, mkuu wa kikosi cha Laku, aliziita familia tano akatupa habari kwa ufupi, amesimama, hata kiti hakutaka. Alisema Laku na wenzake wanne waliwekwa kulinda daraja dogo kwenye njia ya kutoka Pakwach, wakatupa bunduki, wakakimbia.

"Hawa iko hai," alisema. "Iko ndani ya Kongo, naoa wanawake. Musilie mutu nakimbia kazi."

Mjomba Lokule alikuwa amesimama nyuma yake, macho chini. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba yeye alihamishwa kikosi wiki nzima kabla ya siku hiyo, hajui lolote.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua ubaya wa maneno yale. Kwetu mtu akifa, wajomba zake, ndugu za mama yake, huja msibani wakakaa upande wao na hawagusi chakula. Wanangoja. Yule aliyekuwa na marehemu saa ya mwisho lazima asimame mbele yao aeleze: aliumwa nini, alisema nini, nani alimshika mkono. Wakisharidhika, kilio kinaendelea, na baada ya kilio watu wanarudi mashambani. Wasipoelezwa, kifo kinabaki wazi. Sasa mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ni mzima, tena mtoro, atamlilia vipi? Ataita wajomba waje kuuliza nini?

Basi tulikaa hivyo miaka kumi na miwili. Mariam Poni, mama yake Lado, mmoja wa wale wanne, alikwenda soko la Ariwara kila siku ya soko, hakununua kitu, alitazama nyuso za wanaume. Mama yangu aliacha kulitaja jina la Laku. Na mimi, nilipoolewa na hakuna kaka wa kunisindikiza, nilisema mbele ya wakwe kwamba kaka yangu ni takataka, na kama yuko hai basi afe. Nilisema hivyo kwa sauti. Wakati ninasema, Laku alikuwa na miaka mitano ardhini. Hilo ndilo siwezi kumsamehe mtu yeyote, na orodha yangu ya wasiosamehewa ina watu wawili.

Tulirudi Koboko mwaka 1986. Meja Tahiru naye alirudi, na hakurudi mikono mitupu kama sisi. Alifanya biashara ya kuvusha mali kutoka Sudan na Kongo, akaenda Makka, akanenepa. Mwaka 1991 akajenga nyumba ya wageni, ya kwanza Koboko yenye ukumbi wa vigae, akamwita Mjomba.

Ukumbini, kwenye meza, alikuwa ameweka picha kubwa ya kuchapwa, kioo chake kimepasuka, fremu yake ya rangi ya dhahabu imebanduka pembeni. Mjomba aliitambua papo hapo. Zamani ilikuwa imetundikwa katika duka la vitambaa la Mgiriki mmoja pale Arua, na Mjomba alipokuwa akiandika bango la duka hilo, Mgiriki alimsimulia maana yake. Katikati amekaa mfalme wa Wagiriki wa kale, shujaa wa vita, ana ngao na upanga na kofia ya chuma yenye manyoya. Anajua adui ni wengi mno na kwamba hapo kwenye njia nyembamba atakufa, na amewaaga walio nyumbani, akabaki na watu wake wachache. Wengine wanachukua mikuki, mmoja ameinama anafunga kiatu, mwingine amepanda juu anachonga maneno kwenye mwamba ili watakaopita wajue ni akina nani waliolala hapo. Ila wote, kuanzia mfalme, wako uchi kama siku waliyozaliwa.

"Hii picha, mimi nataka yeye kwa ukuta yote," Meja alimwambia. "Hii mfalme ya katikati, weka sura yangu. Watoto ya leo hapana jua kazi sisi nafanya kwa vita."

Mjomba akaanza kuupima ukuta kwa hatua.

"Na hawa watu, valisha wao nguo. Mimi Hajji, mimi hapana weka matako ya watu kwa nyumba yangu."

"Na sura ya hawa wengine, Afande? Mimi hapana jua Wagiriki."

"Weka sura ya mutu yoyote," Meja alisema. "Nani atatazama hao?"

Mjomba alirudi nyumbani, hakula siku mbili. Siku ya tatu alianza kupita kwa akina mama. Alifika kwa Mama yangu, akafika kwa Mariam Poni, akafika kwa wale wengine watatu, akaomba picha za watoto wao. Aliwaambia anachora askari ukutani na anataka sura za vijana wa hapa. Mama alimpa picha ndogo ya Laku ya kitambulisho. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikamfuata Mjomba hadi uani.

"Ya nini kumtia kwenye ukuta wa watu?" nilimuuliza. "Mtoro anachorwa?"

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Mwalimu," alisema, "wewe kuja siku ya kufungua. Na mama yako kuja."

Alichora mwezi mzima nyuma ya turubali. Meja aliingia mara moja, akaona uso wake mwenyewe chini ya ile kofia ya manyoya, kifua kimejaa nishani ambazo hakuna jeshi lolote lililompa, akafurahi mno hata akamletea Mjomba soda kwa mkono wake. Wengine waliokuwa pembeni hakuwatazama. Kwa nini awatazame? Hata kwenye daraja hakuwatazama.

Siku ya kufungua, Jumamosi mchana, wakubwa wa wilaya walitoka Arua, sheikh alikuwepo, padri alikuwepo, mbuzi saba walikuwa jikoni. Sisi tulikaa nyuma kwenye mikeka. Turubali likavutwa, watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikacheka, kwa sababu yule mfalme alikuwa amevaa sare ya jeshi iliyopigwa pasi na kofia ya manyoya ya jogoo, na ilikuwa sura ya Tahiru kabisa, mashavu na yote.

Halafu nikamwona kaka yangu.

Alikuwa upande wa kushoto wa mfalme, ameinama, mguu mmoja juu ya jiwe, anafunga buti. Mjomba alikuwa amempata barabara, hata lile kovu la nyusi. Nyuma yake alisimama Lado na bunduki. Severino, Draku na Soka walikuwa upande wa pili. Na juu yao, pale ambapo Mgiriki mmoja alikuwa anachonga mwamba, maandishi yalisomeka hadi mlangoni kwa mkono ule ule ulioandika nusu ya Koboko: LAKU. LADO. SEVERINO. DRAKU. SOKA.

Mama alinishika mkono akanibana. Hakuwa anatazama uso wa Laku. Alikuwa anatazama buti. Buti la kushoto lilifungwa kwa utepe wa bluu wenye ndege weupe.

Kamba ile ilikatika mlangoni kwetu Jumatatu, na Laku alitoka pale kwenda darajani. Mama hakumwambia mtu, mimi sikumwambia mtu. Yule aliyedai alihamishwa wiki nzima kabla aliijuaje? Nilimtafuta Mjomba kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, ananitazama mimi, na nilijua kwamba utepe ule aliuchora kwa ajili yetu.

Meja Tahiru alikuwa ameshaanza hotuba. Alionyesha ukuta kwa fimbo yake. "Hawa vijana yangu," alisema. "Sisi nasimama kwa daraja, watu sita tu, mbele ya jeshi mzima. Wote nakufa mikononi yangu. Mimi peke yangu Mungu naokoa."

Miaka kumi na miwili walikuwa watoro wanaooa Kongo. Leo kwa sababu anataka sifa mbele ya wageni, wamekufa mikononi mwake! Aliyasahau yale maneno yake ya kambini kama mtu anavyosahau mwavuli. Nilitaka kuinuka nikamrukie, lakini Mjomba alikuwa ameshatoka ukutani. Alikwenda katikati ya ukumbi, akakaa chini kwenye vigae, akakunja miguu. Watu wa kwetu wote wakanyamaza, kwa sababu walikitambua kikao kile cha mjomba msibani. Wageni wa Arua tu ndio waliendelea kunong'ona.

"Afande," Mjomba alisema. "Mimi Lokule, ndugu ya Margarita. Laku mtoto ya dada yangu. Wewe nasema alikufa mikononi yako. Mimi mjomba yake nauliza. Alikufa je?"

Meja alicheka kidogo. "Lokule, hii iko sherehe."

"Alikufa je?"

"Alikufa kama mwanaume."

"Risasi ilipita wapi? Alisema nini? Wewe nazika yeye wapi?"

Basi mjomba wa Lado, mzee aliyekuja kula mbuzi kama wengine, akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja akakaa chini kando ya Mjomba. Akafuata mjomba wa Soka. Akafuata mwingine. Hakuna aliyewapanga. Meja alikuwa amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya sheikh na padri, kwamba alikuwa nao saa ya mwisho, na mtu aliyekuwepo saa ya mwisho kwetu hana ruhusa ya kunyamaza. Alitaka heshima ya kuwepo akasahau kwamba kuwepo kuna maswali yake.

"Lado wetu alikufa je?" aliuliza yule mzee.

Jasho lilikuwa linamtoka Tahiru mpaka kwenye kola. Alimtazama mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akatazama sahani yake. Akasema ilikuwa usiku. Akasema ilikuwa moshi. Mjomba akauliza tena, sauti ile ile, kuhusu kaburi. Ndipo Meja akapasuka.

"Wewe nauliza mimi?" alipiga kelele. "Lokule, wewe nauliza mimi? Si wewe ulikuwa kwa lori na mimi? Si wewe ulibeba hii picha na mikono yako? Sisi wote wawili hapana jua wao nakufa je!"

Nadhani Meja alihitaji muda kidogo kusikia alichokisema.

"Ndiyo," Mjomba alisema, bado amekaa. "Mimi nilikuwa kwa lori. Wewe naambia wao, shikeni daraja, mimi naleta watu ya kusaidia. Laku alikuwa nafunga buti yake. Sisi nakwenda Arua. Wewe nasimama kwa duka ya Mgiriki, navunja mlango, wewe naona hii fremu, nafikiri iko dhahabu. Mimi nabeba. Sisi nasikia mizinga upande ya mto. Halafu sisi nakwenda Koboko, nakwenda Kongo. Hapana mutu alirudi kwa daraja."

Mariam Poni alikuwa wa kwanza kulia. Alisimama pale kwenye mkeka akatoa ile sauti aliyoibana miaka kumi na miwili, akaanguka, na akina mama wengine wakaipokea, na Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akilia hata kwa baba, alitembea hadi ukutani akaweka viganja vyake viwili juu ya lile buti. Nililia na mimi. Nililia kwa hasira, nikipiga vigae kwa ngumi, nikimwomba Laku radhi kwa neno nililolisema harusini.

Kilio kikianzia mahali, msiba unakaa mahali hapo. Tulilala katika ukumbi ule wa vigae siku tatu. Mbuzi saba wa sherehe waliliwa na waombolezaji. Meja Tahiru hakungoja hata wali uive. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia garini, akapiga honi watu wapishe. Mlango wa pili wa gari ulikuwa wazi. Safari hii Mjomba hakupanda.

Siku ya nne, watu walipokuwa wanakunja mikeka, nilimfuata Mjomba bombani alipokuwa anaosha brashi.

"Miaka kumi na miwili," nilimwambia. "Ulikula kwetu. Ulikaa na Mama. Ulinisikia nikimtukana Laku harusini, ulikuwa pale, ulikuwa umevaa koti! Kwa nini?"

Alikamua brashi kwa muda mrefu. "Kwanza mimi naogopa yeye," alisema. "Halafu mimi naogopa nyinyi."

Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Nilimwambia kwamba yeye na Tahiru ni pua na mdomo, nikamwacha pale, na kwa miaka mitatu sikumsalimu. Watu walisema nimezidi, kwamba mzee amejisafisha mbele ya umma, nataka nini tena. Nilitaka miaka yangu kumi na miwili. Mpaka leo ninaitaka.

Ukuta ule Meja alikuja kuupaka chokaa. Lakini Mjomba alichora kwa rangi ya mafuta, na chokaa haikai juu ya mafuta. Kila mvua ikipita inabanduka vipande, na kwa kuwa maandishi ya mwamba yalikuwa juu, karibu na paa linalovuja, yalikuwa ya kwanza kutokea. Wageni wanaolala pale wanasoma majina matano kabla ya kupata chai. Uso wa mfalme uko chini, pakavu, chokaa bado imeushika.

Mwaka 1996 Mjomba alipata maradhi ya ini. Hakuwa na mke wala mtoto, na Mama alikuwa amezeeka, kwa hiyo nilichukua ruhusa shuleni nikaja Koboko kumuuguza, nikiwa na hasira yangu yote, sikuiacha Aroi. Nilimlisha uji. Nilimwosha. Wiki tatu tulizungumza kidogo sana. Alikufa asubuhi, mkono wake wenye rangi kwenye kucha ukiwa ndani ya mkono wangu, na neno lake la mwisho lilikuwa kuniuliza kama mlango umefungwa.

Wajomba zake wazee walitoka Dadamu, wakakaa upande wao, hawakugusa chakula. Mkubwa wao akauliza ni nani alikuwa naye, na alikufa je. Watu wakatazamana, maana wote walijua jinsi nilivyomchukia.

Nikasimama. Mimi nilikuwepo.